Gitaa Uliloagiza Likifika Rau

Desemba ikikaribia, Moshi hupokea watu wake. Wa Dar es Salaam wanapanda na mabasi na magari yao, wa Ulaya na Marekani wanashukia uwanja wa ndege wa KIA, na siku hizi katikati ya mabegi, pamoja na simu na viatu vya wapwa, huenda ukaona sanduku refu jeusi. Ni gitaa la umeme. Kijana wa Rau, hapa hapa Moshi, aliliagiza miezi mingi nyuma kwa fundi wa mbali, akachagua mbao, rangi na unene wa shingo, akalipa kidogo kidogo, na dada yake anayeishi huko akakubali kulibeba. Mwingine la kwake huletwa na kampuni ya vifurushi, mwingine hulifuata Posta. Njia hutofautiana ila mapokezi ni yale yale: sanduku linafunguliwa sebuleni watu wamejaa, gitaa linachomekwa kwenye spika ya kwanza iliyopatikana, na Jumapili inayofuata liko kanisani mbele ya kwaya.

Jumapili hiyo iahirishe. Lipe gitaa wiki mbili nyumbani kabla halijapanda jukwaa lolote, na wiki hizo zitumie kulikagua ukiwa na karatasi ya oda mkononi. Gitaa la dukani likikukataa unaweza kulirudisha, na muuzaji akampa mteja mwingine. La oda limechongwa kwa vipimo vyako, pengine na jina lako limeandikwa kichwani. Fundi aliyelitengeneza hana wa kumuuzia. Kwa hiyo muda wa wewe kusema kwamba mahali fulani hapako sawa, na ukasikilizwa, ni mfupi sana. Muda huo huisha pale gitaa linapoanza kuonyesha mikwaruzo ya matumizi.

Wazee wetu wa dansi hawakutuachia utaratibu wa jambo hili, na sababu inaeleweka. Katika bendi zao, vyombo kwa kawaida vilikuwa mali ya mwenye bendi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, kisha mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mpiga solo alikuta gitaa, amplifaya na spika kazini. Akihamia bendi nyingine, na walihama sana, aliondoka na vidole vyake tu. Kukagua vyombo ilikuwa kazi ya mwajiri. Leo kijana ana chombo chake mwenyewe, amekilipia kwa fedha ya kahawa, ya ndizi, ya bodaboda au ya kupandisha wageni mlimani, na hakuna mtu wa ofisini wa kumkagulia. Inabidi ajue mwenyewe.

Ukaguzi huanza siku ya kuagiza, maana huwezi kudai kitu ambacho hakikuandikwa. Mazungumzo ya WhatsApp hubeba mambo mengi lakini yametawanyika huku na huku. Mwambie fundi akutumie ukurasa mmoja wenye kila kitu, mkubaliane wote wawili, kisha uuchapishe. Urefu wa uzi, kuanzia kile kipande cha mfupa kinachobeba nyuzi kichwani hadi darajani, uandikwe kwa milimita. Magitaa ya mtindo wa Fender huwa na milimita 648, ya mtindo wa Gibson karibu 628, na tofauti hiyo vidole huitambua mara moja: shingo fupi hulegeza nyuzi, ndefu huzikaza na kuzipa mlio mkali zaidi. Ziandikwe pia unene wa shingo, idadi ya freti, aina ya vinasa sauti, ambavyo wapigaji wengi huviita pikapu, seti ya nyuzi litakayofungwa, na uzito ambao hutaki livuke. Anayepiga kwa mkono wa kushoto alitaje hilo juu kabisa ya ukurasa na aombe picha ya mwili kabla rangi haijapakwa.

Mweleze fundi na muziki unaoupiga. Mafundi wengi wa nje wakisikia gitaa la umeme huwaza roki, ambayo sauti yake hukwaruzwa kwa makusudi na kasoro nyingi hujificha humo. Solo ya dansi, sebene na mapambio yetu hupigwa kwa sauti safi, juu ya shingo, noti moja moja zikifuatana kwa kasi, na kila moja inasikika peke yake. Sisi tunaishi kuanzia freti ya 12 kwenda juu, mahali ambapo wapigaji wengine hupita wakisalimia tu. Basi andika kwamba mkato wa mwili uwe na kina cha kutosha mkono ufike freti ya 20 bila kulazimishwa, na kwamba freti za juu zisawazishwe kwa uangalifu ule ule wa freti za chini. Na kama unapiga mi-composé ya Kikongo, ule mtindo wa kuondoa uzi wa nne na kufunga mahali pake uzi mwembamba unaokazwa oktavu nzima juu, lisemwe mapema. Mfereji uliochongwa kwenye mfupa kwa ajili ya uzi mnene huuacha uzi mwembamba ukicheza, na kila ukiupiga wazi utalia ovyo. Kuchonga mfereji mwembamba tangu mwanzo ni kazi ya dakika chache. Kuja kubadilisha mfupa mzima ukiwa Moshi ni habari nyingine.

Kuna jambo la mbao ambalo mtu wa Moshi anapaswa kulijua kuliko wengi. Mpingo, unaosifika kwa klarineti na obo za dunia nzima, ni mti wetu, na ubao wake mweusi ni mzito kiasi kwamba ukitupwa majini unazama. Ubao huo ukiwekwa juu ya shingo ya gitaa huwa mgumu, laini kwa kidole, na hauliwi haraka na nyuzi. Hapa hapa Moshi ndipo marehemu Sebastian Chuwa, kwa ushirikiano na Mmarekani James Harris, alipoanzisha mwaka 1996 mradi wa kuotesha miche ya mpingo, African Blackwood Conservation Project. Huko Kilwa, vijiji vinavyosimamia misitu yao vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC cha uvunaji endelevu. Kwa hiyo mtu wa Rau anayetaka mpingo shingoni mwa gitaa lake anataka kitu kizuri, nami namuunga mkono kabisa.

Ila usimpe dada kipande cha mpingo abebe kwenye begi ampelekee fundi. Jamii yote ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, iliingizwa tarehe 2 Januari 2017 kwenye udhibiti wa CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini. Mwishoni mwa mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika zililegezewa, lakini mbao ghafi hazikulegezewa. Zinahitaji kibali cha CITES, na mazao ya misitu yana vibali vyake vya TFS, wakala wa misitu wa serikali. Ni salama zaidi fundi anunue mpingo kwa mfanyabiashara halali wa huko aliko. Mwombe aandike jina la kisayansi la kila mbao kwenye ankara. Ukiona Dalbergia nigra, ule wa Brazili, kataa: upo kwenye daraja kali zaidi la mkataba huo tangu 1992, na kule kulegezwa kwa 2019 hakukuugusa. Gitaa zuri lisikwame forodhani kwa ajili ya ubao wenye upana wa vidole vitatu.

Hesabu ya kodi ifanye kabla ya kutuma malipo ya kwanza. Forodha hawaangalii bei ya gitaa peke yake. Huchukua bei, nauli ya kulileta na bima, wakajumlisha. Ushuru hukokotolewa juu ya jumla hiyo, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya jumla pamoja na ushuru wenyewe. Wakala wa forodha atakukadiria yote ukimpa ankara, na makadirio hayo ndiyo yatakayokuambia kama bajeti yako inafika. Muuzaji akikuambia ataandika “zawadi” au atapunguza bei kwenye makaratasi ili akusaidie, mkatalie. Ni udanganyifu mbele ya sheria, na tena unakuumiza wewe: sanduku likipotea au likivunjika, bima hulipa ile bei ndogo iliyoandikwa. Dada anayeshuka KIA naye awe na risiti mkononi na aseme alichobeba. Gitaa la oda lenye sanduku lake gumu halifanani na nguo za safari.

Mafundi wengi hudai fedha yote kabla ya kusafirisha, na siwalaumu, maana wao pia hawakujui. Unachoweza kudai ni mambo mawili. Kwanza, video ya gitaa likipigwa, freti moja moja kwenye kila uzi, kabla halijafungwa. Pili, siku za ukaguzi ziandikwe kwenye makubaliano, zihesabiwe tangu siku uliyosaini kulipokea. Fundi anayejiamini hukubali yote mawili bila ubishi. Anayekwepa video, nenda kwa mwingine.

Siku ya kulichukua usitume mtu. Nenda mwenyewe, na kabla hujasaini lizunguke boksi, ulipige picha pande zote sita. Likiwa limebonyea au limelowa, andika hivyo kwa kalamu kwenye karatasi ya mapokezi kabla ya kuweka sahihi. Mhudumu akiharakisha, endelea kuandika. Kutoka mjini hadi Rau Madukani si mbali, lakini boksi refu likiwa limelazwa mapajani mwa abiria wa bodaboda hutoka upande mmoja na mwingine, na kila gari linalopishana nanyi ni hatari. Chukua bajaji au teksi. Usiliache kwenye buti ya gari juani wakati unapita sokoni. Joto la ndani ya gari lililofungwa hulegeza gundi.

Likifika nyumbani, lisifunguliwe siku hiyo. Liweke chumba chenye kivuli, likiwa ndani ya boksi lake, hadi kesho yake. Gitaa lililosafiri kwenye ndege limepita kwenye baridi, na rangi za nitroselulosi, ambazo mafundi wa oda huzipenda kwa uzuri wake, hupasuka mistari myembamba zikitolewa ghafla kwenye baridi na kuingizwa kwenye joto la Moshi. Najua wageni wamekuja na watoto wanaulizia. Waandalie chai.

Kesho yake fungua ukiwa na mtu mmoja wa kushika simu akirekodi, bila kukatisha, tangu utepe wa kwanza unapokatwa. Kisu kiwe kifupi. Boksi na vifungashio vyote vitunze, maana likitakiwa kurudi litarudi ndani ya hivyo hivyo. Ndani ya sanduku tafuta alenki ya chuma cha shingo, kile cha ndani kinachorekebisha mpindo wake. Ni kidude kidogo, hutupwa na karatasi bila mtu kujua, na bila hicho fundi wa Moshi ataanza kubahatisha kwa saizi isiyo yake na kuharibu nati.

Anza na macho kabla ya masikio. Geuza gitaa, washa tochi ya simu, angalia nyuma ya shingo pale inapokutana na kichwa. Magitaa yenye kichwa kilichoinama nyuma huvunjika hapo kuliko mahali pengine popote, na ufa wa safari unaweza kuwa mwembamba kama unywele chini ya rangi. Pitisha ukucha polepole. Ufa wa rangi tu hausikiki sana, wa mbao unakwaruza ukucha. Angalia na pale shingo inapoungana na mwili. Kisha pitisha kiganja kwenye ukingo wa shingo, juu hadi chini, pande zote mbili. Ukikwaruzwa na ncha za freti, ubao umesinyaa kidogo kwa ukavu na chuma kimebaki na urefu wake. Hilo hutokea hata kwa kazi nzuri. Liandike, lakini usiliite kosa bado.

Sasa shingo yenyewe. Huhitaji kifaa cha bei. Uzi wa gitaa ndio rula yako, maana uzi uliokazwa hauwezi kupinda. Likaze gitaa lifike sauti yake, likalishe kama unapiga, bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya kwanza kwa mkono wa kushoto na kwenye freti ya mwisho kwa mkono wa kulia, halafu angalia nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Panatakiwa paonekane mwanga mwembamba, kama robo ya milimita. Kadi ya vocha ikipita kwa kubana kidogo, uko karibu na pazuri. Uzi ukilala kabisa juu ya freti, shingo imenyooka kabisa au imepinda nyuma. Pengo likiwa pana, imepinda mbele. Rudia kwa uzi wa kwanza. Nyuzi mbili zikitoa majibu yaliyopishana sana, huenda shingo imejisokota kama ubao wa mlango uliokatwa kabla haujakauka, na hilo chuma cha ndani hakilirekebishi. Hapo ndipo pa kumwandikia fundi usiku huo huo.

Baada ya shingo, piga kila uzi kwenye kila freti, gitaa likiwa halijachomekwa. Ni kazi ya kuchosha na watu wengi huishia freti ya tano. Wewe kaza kuanzia ya 12. Sikiliza noti inayokufa mapema, au inayotoa sauti ya freti inayofuata. Halafu linganisha sauti: gusa uzi kidogo juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza uipate ile sauti ya juu inayolia kama kengele, kisha ubonyeze hapo hapo, ukiangalia tyuna ya kwenye simu. Ukibonyezwa ukapanda kuliko kengele, kibebeo cha uzi huo darajani kirudishwe nyuma. Ukishuka, kisogezwe mbele. Marekebisho hayo ni ya kawaida, lakini angalia kama kibebeo bado kina nafasi ya kusogea. Kikiwa kimefika mwisho wa skrubu yake na sauti bado haijakaa, daraja lilipigiliwa pasipo pake, na hilo ni kosa la aliyetengeneza.

Umeme wake ujaribu kwa sauti ndogo. Chomeka, chukua bisibisi ndogo, na kwa kila hatua ya swichi gonga polepole juu ya kila pikapu. Inayosikika kwa nguvu ndiyo iliyowashwa. Linganisha na karatasi ya oda. Hii hufichua waya zilizofungwa kinyume haraka kuliko kupiga nyimbo kumi. Zungusha volyumu na toni hadi mwisho mara kadhaa, tingisha jeki tunduni mwake. Mkwaruzo mdogo wa volyumu ni vumbi la safari, lakini sauti inayokatika jeki inapotingishwa ni waya ambao haukuchomewa risasi vizuri. Pikapu zinazotumia betri ya volti 9 zina tabia ya kuimaliza kama jeki imeachwa imechomekwa usiku kucha, kwa hiyo zoea kuichomoa. Na kama uliagiza na amplifaya toka Marekani, geuza nyuma usome kwanza. Iliyoandikwa 120V pekee haivumilii umeme wetu wa TANESCO wa 230V hata kwa sekunde moja.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu linahusu uhai. Gusa nyuzi kwa kiganja ukiwa umechomeka. Mvumo ukipungua, waya wa ethi ndani ya gitaa umefungwa sawasawa. Ukiongezeka, zima kila kitu umwite fundi. Lakini gitaa salama peke yake halitoshi, maana nyuzi zako zimeungana na chasisi ya amplifaya kupitia waya, na maikrofoni imeungana na miksa. Ukumbi ambao ethi yake ni mbovu, au mkutano wa injili uwanjani unaoendeshwa kwa jenereta bila fimbo ya ethi, unaweza kuweka umeme kati ya vitu hivyo viwili, na mpiga gitaa anayeimba anaviunganisha kwa mkono na midomo yake. Kabla ya ibada, fundi umeme aweke tester kwenye volti za AC, mguu mmoja kwenye uzi wa gitaa, mwingine kwenye wavu wa maikrofoni. Namba ikizidi volti chache, usisogeze mdomo. Kuhamisha plagi zote kwenye extension moja yenye ethi inayofanya kazi mara nyingi hupunguza tatizo. Ethi ikiwa haipo kabisa, ichimbiwe. Kanisa lililochangisha kwa ajili ya spika linaweza kuchangisha kwa ajili ya fimbo ya shaba. Mwalimu wa kwaya asione aibu kulisimamisha zoezi hadi hilo limefanyika, na wazee wa kanisa wamuunge mkono.

Ukimaliza ukaguzi, gawanya uliyoyaona. Nyuzi mpya zinazopoteza sauti kila baada ya wimbo, nyuzi zilizo juu au chini kidogo kuliko ulivyozoea, ncha za freti zinazogusa mkono, michirizi ya mbao isiyofanana na ya kwenye picha: hayo ni mambo ya mbao na safari, mengi fundi wa hapa mwenye mkono mwepesi anaweza kuyaweka sawa. Ufa wa mbao, shingo iliyojisokota, chuma cha shingo kisichozunguka, daraja lililokaa vibaya, pikapu isiyo uliyoiagiza: hayo mwandikie aliyetengeneza. Weka picha moja kwa kila kosa, taja kipimo, taja mstari wa karatasi ya oda, na useme unachotaka, iwe matengenezo, kupunguziwa bei au kurudisha. Andika kwa heshima; mtu aliyechonga kitu kwa mikono yake husikia lugha. Na mpaka amejibu, mtu yeyote asipige msasa, asilegeze skrubu, asibadilishe nyuzi. Nimeona fundi wa nje akikataa dai la haki kabisa kwa sababu picha zilionyesha freti zilizokwishapigwa tupa.

Kama gitaa ni la kwaya, mambo yanaongezeka. Fedha ilitoka kwenye bahasha za watu wengi, wengine wajane, na wanastahili kujua kilichonunuliwa. Wawepo mwenyekiti, mtunza hazina, mwalimu wa kwaya na mpigaji mwenyewe siku ya kufungua. Hao wanne wanatosha. Namba ya gitaa iliyoko kichwani au nyuma ya shingo iandikwe kwenye daftari la vifaa pamoja na bei, kodi iliyolipwa, tarehe na kasoro zilizokutwa, nao waweke sahihi. Liandikwe pia ni nani atakayelala nalo na ni nani anayeruhusiwa kuliazima. Kwaya kadhaa nzuri za mitelemko hii ya Kilimanjaro zimegawanyika kwa ajili ya chombo ambacho hakuna aliyeandika ni cha nani, na ni huzuni kubwa kuona waimbaji waliokua pamoja hawasalimiani kwa sababu ya gitaa na amplifaya.

Wiki mbili zikipita na kila kitu kiko sawa, ndipo lipigwe, na lipigwe sana. Nyuzi za akiba ziagizwe pamoja na gitaa, seti kadhaa za unene ule ule, kwa sababu ukibadilisha unene unabadilisha mvuto kwenye shingo na kazi yote ya kurekebisha inaanza upya. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza. Jasho la Februari hapa mjini huzila haraka. Usilitundike ukutani chini ya bati lisilo na dari, wala sanduku lisilale sakafuni ambako mchwa hupanda bila taarifa.

Masika ndiyo mtihani wake wa kwanza. Rau ni mahali pa maji: mto upo, na Msitu wa Rau wenyewe umesimama juu ya maji ya ardhini, ndiyo maana mivule yake imekuwa mikubwa vile. Kuanzia Machi hadi Mei unyevu huingia ndani ya nyumba, na shingo iliyochongwa kwenye karakana kavu ya nchi ya baridi hunywa unyevu huo ikajikunja kidogo, mbele au nyuma. Miezi hiyo gitaa likae ndani ya sanduku lake likiwa halipigwi, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, ukivibadilisha mara kwa mara. Usikiguse chuma cha shingo kila mvua inaponyesha. Subiri Juni, hewa ikitulia, kisha rudia kipimo kile cha uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, uandike jibu kando ya lile la siku ya kufungua. Yakilingana, kiache chuma kama kilivyo. Yakipishana, zungusha alenki robo ya mzunguko, kulia kama pengo limekuwa pana, kushoto kama limeziba, liache gitaa hadi kesho, kisha pima tena kabla ya kugusa robo nyingine.